Pale juu kulia, palipoandikwa "Mtunzi"

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi Machi. Mazoezi ya kwaya yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa napita benchi kwa benchi nikikusanya nakala za nota. Nje ilinyesha ile mvua ya Morogoro inayoshuka kutoka milima ya Uluguru bila kubisha hodi, kwa hiyo vijana wachache wa sauti ya tena walibaki wakisubiri ikatike. Mmoja wao, anayejifunza saksafoni, akaja akaniwekea simu juu ya kinanda.

"Mwalimu, hebu sikiliza hii. Mwanzo tu."

Saksafoni ikaanza, peke yake kama mtu anayeongea na nafsi yake, na chini yake piano na nyuzi zikitembea taratibu, hatua kwa hatua, kwa mwendo wa watu wanaotoka makaburini. Halafu tarumbeta zikaingia na mdundo wa kukatakata ambao haukupaswa kukaa vizuri juu ya huzuni ile. Ukakaa. Nikaacha kukusanya karatasi.

"Nini hii?"

"Inaitwa Kuumbwa kwa Dunia. Mtunzi ni Mfaransa, Darius Milhaud. Ya mwaka 1923. Wanasema ni hadithi ya Afrika."

"Afrika ya wapi?"

Hakujua. Mvua ikakatika, akachukua simu yake, akaondoka. Mimi nikarudi nyumbani na lile swali, na halikunitoka kwa wiki saba. Naandika leo kwa sababu lilipomalizana na Mfaransa huyo lilinigeukia mimi.

Nzame

Kumbe hadithi ni ya Wafang, watu wa Gabon na nchi za jirani. Mwaka 1921 mwandishi Blaise Cendrars alichapisha Paris mkusanyiko wa hadithi za Kiafrika. Hakuzisikia kutoka kinywani mwa mtu. Alizitoa kwenye maandishi ya wamisionari na wasafiri. Humo mna simulizi la uumbaji lenye miungu watatu wanaoshauriana: Nzame, Mebere na Nkwa.

Jina la kwanza nililisoma mara mbili.

Nzame. Majirani zetu wa Kongo humwita Mungu Nzambi. Walozi wa Zambia humwita Nyambe. Mtu yeyote aliyekulia kwenye lugha zetu za Kibantu atalisikia lile jina likigonga mlango anaoujua. Na lilikuwa jukwaani Paris, tarehe 25 Oktoba 1923, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées. Muziki ni wa Mfaransa. Masimulizi yamepangwa na Cendrars, mzaliwa wa Uswisi. Mandhari na mavazi, yale maumbo makubwa ya miungu na wanyama na ndege yanayomfunika mchezaji mwili mzima, yamechorwa na mchoraji Fernand Léger. Ngoma imepangwa na Jean Börlin, Mswidi, na kikundi kilichocheza ni cha Waswidi.

Katika orodha ile yote hakuna Mfang.

Na muziki wenyewe haukutoka Gabon pia. Ulitoka Harlem, mtaa wa watu weusi New York. Milhaud alikuwa Marekani mwaka uliotangulia, akaenda kusikiliza bendi za watu weusi New York, akasikia kitu ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, hakufanana na chochote alichowahi kukisikia. Alinunua sahani za santuri za kampuni ya Black Swan katika duka dogo la Harlem, na aliporudi akawa anazipiga tena na tena kwenye gramafoni yake ndogo ya kubeba mkononi. Kisha akaunda kikundi kidogo cha wapigaji wasiofika ishirini, mfano wa zile bendi, na pale ambapo okestra ya Ulaya ingeweka viola yeye akaweka saksafoni. Onyesho lile la Oktoba lilikuwa karibu miezi minne kabla ya Mmarekani Gershwin kupiga kwa mara ya kwanza Rhapsody in Blue, kazi yake inayochanganya jazi na okestra.

Sisi watu wa Morogoro neno jazi si geni kwetu. Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe, ilikuwa jazi. Wazee wetu walilipokea neno hilo, wakaliweka juu ya dansi lenye ladha ya Kuba na ya Kongo na ya Uluguru, na hakuna aliyewauliza wamelitoa wapi. Nilijikumbusha hilo mapema, nisije nikawa hakimu mwepesi.

Sikio lenye njaa

Milhaud alizaliwa Marseille mwaka 1892, akakulia Aix-en-Provence, akafa Geneva mwaka 1974. Aliacha kazi zenye namba, na namba ya mwisho ni 443. Nimezisikiliza nyingi nilivyoweza, usiku, na nyingine zimenipita kama basi lisilosimama kituoni. Mtu anayeandika hivyo hawezi kugusa moyo kila mara.

Lakini sikio lake! Kila alikopita lilikula. Alichukua nyimbo za Provence, sala za Wayahudi wa kusini mwa Ufaransa, dansi za Rio, jazi ya Harlem, na tamthilia za huzuni za Wagiriki wa kale, ambazo aliziandikia kwaya inayonena kwa mdundo huku ngoma zikiitikia. Mwaka 1919 alichukua maneno ya katalogi ya mashine za kilimo, mashine ya kukatia majani, mashine ya kupandia, akayatungia nyimbo sita. Watu wakaona anawakejeli. Aliumia. Aliandika baadaye kwamba haelewi vipi mtu mwenye akili timamu afikirie kuwa msanii anaweza kubeba uchungu wote wa kutunga ili tu awachekeshe watu wachache. Mashine zile alikuwa amezipenda kweli.

Akiwa kijana alitangaza kwamba ataandika kwateti za nyuzi, yaani muziki wa wapigaji wanne, kumi na nane, moja zaidi ya Beethoven. Akaziandika zote. Ya kumi na nne na ya kumi na tano unaweza kuzipiga moja moja, au ukaweka vikundi viwili chumba kimoja wakapiga zote kwa pamoja na zikawa muziki mmoja wa watu wanane.

Na alikuwa na hili la funguo mbili. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua balaa la soprano kuanza kwenye ufunguo mmoja na besi kwenye mwingine. Unagonga meza, unasimamisha, unatoa sauti upya. Milhaud hakugonga meza. Aliwaacha waendelee, akasikiliza kinachotokea katikati yao, akakiandika. Kuna dansi zake kumi na mbili za piano, Saudades do Brasil, zenye majina ya mahali pa Rio: Botafogo, Copacabana, Ipanema, Tijuca. Ukiipiga Botafogo mkono wa kushoto unakaa nyumbani kwake na wa kulia unakaa kwa jirani. Mara ya kwanza nilidhani kinanda changu kimeharibika. Mara ya tano nikaanza kusikia joto na unyevu, na mtu anayecheza peke yake akiwa na kumbukumbu.

Nilianza kumpenda wakati huo, kwa hiyo kilichofuata kiliniuma.

Ng'ombe juu ya paa

Mwanzoni mwa 1917 alifika Rio de Janeiro akiwa katibu wa Paul Claudel, mshairi aliyekuwa anaiwakilisha Ufaransa kule. Afya ilikuwa imemzuia kwenda vitani. Alifika mji ukiwa kwenye pilikapilika za kanivali, akakaa karibu miaka miwili, akarudi Ufaransa vita vimekwisha. Kichwani alikuwa amebeba mji mzima.

Kutoka humo akatunga Le Bœuf sur le toit, yaani Ng'ombe juu ya Paa. Aliufikiria kama muziki wa kusindikiza filamu bubu ya Chaplin. Mshairi Jean Cocteau akaugeuza mchezo wa jukwaani mwaka 1920, na Paris nzima ikauimba, hata baa maarufu ikapewa jina hilo. Ni muziki wa furaha ya kichaa. Kiitikio kinarudi na kurudi, kila kinaporudi kimebadili ufunguo, na katikati ya viitikio dansi moja inapokezana na nyingine.

Zile dansi ndizo zenyewe.

Jina la kazi limetoka kwa wimbo wa Kibrazili, O Boi no Telhado, wa mtunzi aliyejiita Zé Boiadêro. Na ndani yake wataalamu wa Brazili wamekaa wakachambua, wakakuta nyimbo zaidi ya ishirini za watu. Si nyimbo zilizookotwa njiani. Ni nyimbo zenye watunzi, zilizochapwa, zilizouzwa madukani na jina la mtu juu ya jalada. Ernesto Nazareth yumo. Marcelo Tupinambá yumo. Chiquinha Gonzaga yumo, mwanamke aliyepigana ili watunzi walipwe haki zao.

Kwenye nota za Milhaud hakuna hata jina moja kati ya hayo. Kuna lake.

Katika kitabu cha maisha yake hafichi kwamba alikusanya. Anasema wazi kwamba aliunganisha tango, maxixe, samba, hata fado moja ya Kireno. Lakini anaziita nyimbo za wananchi. Kama maji ya mto, kila mwenye ndoo achote.

Niliposoma maneno hayo, nyimbo za wananchi, nilifunga kompyuta.

Kitu kidogo

Niliifungua kesho yake, kwa sababu ya Nazareth.

Nazareth alizaliwa Rio mwaka 1863, na wakati Milhaud yuko mjini alikuwa akipiga piano kwenye sinema ya Odeon. Milhaud alikwenda kumsikiliza. Alivutiwa na upigaji ule, mwepesi, usioshikika, wenye huzuni ndani ya uchangamfu. Akanunua rundo la nota za dansi hizo, akakaa kwenye piano, akajaribu. Ikawa siyo. Nota zote ziko mahali pake, mkono wa kushoto na wa kulia vinapokezana kama karatasi inavyosema, lakini dansi haitoki. Kuna kitu kidogo kinakosekana, kusitasita kwa punje ya muda, pumzi isiyoandikika, nacho ndicho Brazili yenyewe. Alihangaika nacho mpaka akakipata.

Na mwaka 1920, mwaka uleule wa Ng'ombe juu ya Paa, aliandika makala katika gazeti la muziki la Paris akiwaambia Wabrazili kwamba hawajui hazina waliyonayo, kwamba watunzi wao wa dansi za mitaani wana thamani kubwa kuliko wale wanaoiga Ulaya. Akawataja kwa majina. Tupinambá. Nazareth, tena akamwita mwenye kipaji cha ajabu.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Mwizi hamsifii mwenye mali kwa jina lake gazetini. Na mpenzi wa kweli hasahau jina la mpenzi wake pale panapohusika na heshima na fedha. Milhaud alifanya yote mawili, mwaka mmoja, kwa kalamu moja. Kwenye gazeti Nazareth ni mtunzi mkubwa. Kwenye nota ni wananchi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nazareth hakutunzwa ipasavyo kwao wala ugenini. Uzeeni masikio yalikufa, akili ikayumba, akalazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Mwaka 1934 alitoroka, na siku chache baadaye akakutwa amekufa maji. Sisemi Milhaud ana hatia ya kifo kile. Nasema tu kwamba siku hizo Ng'ombe juu ya Paa alikuwa akipigwa kumbi kwa kumbi, na ndani yake mlikuwa na vidole vya mzee yule.

Ungo

Sasa naandika nilichokuwa nakizungukazunguka.

Mwaka 2011 nilipanda Matombo, huko Uluguru, kwenye arobaini ya ndugu yetu wa ukoo. Mchana, watu wakiwa wametulia, nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Bibi mmoja ameketi juu ya kigoda anapepeta mpunga na anaimba Kiluguru. Ungo unapanda, mpunga unaruka, ungo unaupokea, makapi yanakwenda na upepo. Mlio wa mpunga kuangukia ungo ndio uliokuwa ngoma yake. Ila haukuangukia pale sikio lilipoutegemea. Bibi akishusha nota, ungo unachelewa. Kidogo sana. Kama mtu aliyeitwa, akanyamaza kwanza, ndipo akaitika.

Nikageuza karatasi ya orodha ya rambirambi, nikaanza kuandika kwa solfa.

"Unaandika nini, mjukuu wangu?"

"Naandika wimbo wako, bibi."

Akacheka. "Basi uandike vizuri."

Wimbo wako. Nilisema mimi mwenyewe, kwa mdomo huu.

Nilishuka mjini nao. Nikautilia maneno ya Kiswahili ya shukrani, nikaupangia sauti nne, nikaufanya wimbo wa matoleo. Ule mlio wa ungo nilijaribu kuuandika siku mbili, ukanishinda, nikaunyoosha ili wanakwaya wasipate tabu. Halafu pale juu kulia, panapoandikwa "Mtunzi", nikaandika jina langu.

Wimbo ukapendwa. Ukatoka parokia kwenda parokia, kwa nakala za kudurufu, baadaye kwa simu. Nimewahi kusimama harusini Iringa nikasikia unaimbwa na kwaya nisiyoijua, na mtu akaninong'oneza, "Mwalimu, huu si wako?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikulipwa hata senti, na kwa miaka mingi hilo lilinitosha kama utetezi. Utetezi wa pili ulikuwa kwamba ni wimbo wa asili. Wimbo wa asili hauna mwenyewe.

Nyimbo za wananchi.

Tena Milhaud kwa jambo moja alinizidi. Yeye kile kitu kidogo alikihangaikia mpaka kikamkaa mikononi. Mimi nilikiona, nikakijua, nikakitupa pamoja na makapi.

Aliyekimbia na nyimbo zake

Nilitamani hadithi yake iishie Rio ili nimchukie kwa raha. Haikuishia.

Kitabu cha maisha yake kinaanza kwa kusema kwamba yeye ni Mfaransa wa Provence, wa dini ya Kiyahudi. Sentensi fupi, na kila neno ndani yake lina karne nyuma yake, maana Wayahudi wa upande ule wamekuwepo tangu zama za kale, na sinagogi la Carpentras lilijengwa mwaka 1367. Mwaka 1940 Ujerumani ilipoivamia Ufaransa, sentensi hiyo ikawa hukumu. Alikimbia na mkewe Madeleine na mtoto wao wa kiume, wakapitia Lisbon, wakavuka bahari. Wazazi wake walibaki Aix. Wote wawili walifariki wakati wa vita, na hakuwaona tena.

Alipata kazi chuo cha Mills, Oakland, California. Baridi yabisi ilikuwa imemshika viungo vibaya, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Akatunga, akafundisha. Baada ya vita aligawa muda wake kati ya California na Konsavatwari ya Paris, mwaka huku, mwaka kule, mpaka mwaka 1971.

Namna alivyofundisha ndiyo inayonishangaza zaidi. Mtu mwenye sikio lile angeweza kuzalisha akina Milhaud wadogo. Hakufanya hivyo. Dave Brubeck, mpiga piano wa jazi, alikuja kwake baada ya kutoka jeshini, akidhani amekuja kujifunza muziki "wa maana". Milhaud akamwambia asiiache jazi. Brubeck alimpenda kiasi cha kumwita mwanawe wa kwanza Darius. Burt Bacharach, mtunzi wa nyimbo za pop, akiwa bado kijana, alimletea kazi yenye sehemu tamu sana ya katikati, na akaionea haya, maana miaka ile utamu ulikuwa aibu. Milhaud akamwambia asiogope kamwe wimbo ambao mtu anaweza kuupiga mluzi. Steve Reich, mtunzi wa muziki wa kurudiarudia, alipita mikononi mwake. Hakuna anayefanana na mwenzake, na hakuna anayefanana naye.

Na mwaka 1947 alitunga ibada ya Sabato kwa kwaya na okestra, akitumia mapokeo ya Wayahudi wa Provence, watu wake. Nimeisikiliza nikiwa peke yangu kanisani, taa zimezimwa. Mule hakuna ujanja wala kichaa cha Rio. Anazishika nyimbo za wazee wake kama mtu aliyebeba yai.

Nilijiuliza: alipokuwa anaziandika zile, akijua ni nyumba zipi zilizoimba hivyo na kwamba baadhi ya nyumba hizo zilikuwa zimeshafungwa milele, je, alimkumbuka yule mpiga piano wa Odeon? Kwa sababu wimbo wa kwenu unajua una mwenyewe. Unajua hata alikuwa akiketi wapi.

Matombo, tena

Mwezi Mei, Jumamosi, nilipanda mlima.

Bibi alikuwa amefariki. Nilitegemea hivyo, miaka imepita, lakini nilipoonyeshwa kaburi chini ya mwembe miguu iliniishia nguvu. Kule Uluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo niliambiwa nizungumze na binti yake mkubwa. Nikamsalimia shikamoo, akanipa kigoda, nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Maneno yakatoka vipande vipande.

Hakusema kitu. Akasema, "Tusikie."

Nikafungua simu, nikampigia kwaya yangu ikiimba. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, akiangalia uwanja.

"Ni wa mama," akasema. "Lakini mmeunyoosha."

Akaingia ndani, akatoka na ungo wenye mpunga kidogo, akaketi, akaimba. Ungo ukachelewa palepale. Ile pumzi. Nikalia, na sikujificha.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa na habari nalo. Wimbo ule si wa asili. Mama yake aliutunga mwenyewe, yeye binti akiwa mdogo, mwaka ambao mpunga uliponea chupuchupu baada ya mvua kuchelewa. Majirani wakaudaka, na kijiji kizima kikawa kinaujua. Ulikuwa na mtunzi, na aliyeutunga ndiye niliyemkuta ameketi pale nyuma ya nyumba, mkono wangu ukiwa na kalamu. Swali moja tu la "nani kautunga?" lingetosha. Sikuliuliza. Nadhani sikuliuliza kwa sababu nilihofia jibu.

Nilimwomba radhi. Akaniuliza nataka kufanya nini. Nikamwambia nataka jina la mama yake liandikwe pale juu kulia, na langu lishuke chini, kwa kazi niliyoifanya kweli: maneno ya Kiswahili na kupanga sauti. Akakubali, kwa sharti moja, jina likae kwenye nota, lisianikwe kwenye mtandao kama habari ya watu kuzungumzia. Ndiyo maana hulioni hapa. Kwenye nota lipo, kwa herufi kubwa.

Nakala mpya nimezituma kwa kila kwaya ninayoifahamu. Za zamani siwezi kuzikusanya, ziko Iringa, ziko Dodoma, ziko kwenye simu za watu nisiowajua. Kila Jumapili mahali fulani mtu anaufungua ule wimbo na kusoma jina langu pasipo pake. Milhaud naye, hata kama angetaka kurekebisha, angekimbizana na sahani na nota dunia nzima. Silisemi hili kumtetea.

Kuhusu yeye bado sijaamua. Ile saksafoni ya mwanzo naipiga karibu kila usiku, na kila ninapoifikia nasikia Harlem, namsikia Nzame, namsikia kijana wa Aix mwenye gramafoni ndogo ambaye hachoki kusikiliza. Naipenda. Kisha naweka Ng'ombe juu ya Paa, nami siku hizi nina orodha mkononi, naitaja kwa sauti kadiri zinavyopita: huyu Nazareth, huyu Tupinambá, huyu Gonzaga. Mke wangu ameshazoea.

Alhamisi iliyopita nilileta ungo mazoezini, na kilo moja ya mpunga. Nikawarudisha wanakwaya kwenye mwanzo wa wimbo wanaouimba kwa miaka na kuwaambia tunauanza upya. Besi waliwahi. Wakawahi tena. Soprano wakacheka, wakajaribu wao, wakawahi pia. Yule kijana wa saksafoni alifumba macho akawa anahesabu kwa vidole, na nikamwambia aache kuhesabu. Mwishowe alisimama mama mmoja wa alto, aliyekulia Mgeta, ambaye kwa kawaida huwa hasemi kitu mazoezini. Akaja mbele, akanipokonya ungo kwa upole.

"Mwalimu, kaa," akasema. "Waangalie mikono yangu."

Tulifika ubeti wa pili kabla umeme haujakatika.